Mombasa siku tatu na watoto watatu na nyanya yao: tuanzie wapi?

Mama Watatu:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenyeji. Tunashuka Mombasa kwa treni ya SGR mwezi wa nane, likizo ya shule, na tuna siku tatu kamili ukiondoa za safari. Watoto ni wa miaka minne, minane na kumi na miwili. Nyanya yao yumo pia. Anatembea, lakini magoti yanamsumbua, na ngazi nyingi haziwezi. Tutakaa Nyali na hatuna gari.

Nataka kujua haya: Fort Jesus watoto huvumilia muda gani kabla ya kuanza kulia, na nyanya ataona nini bila kupanda? Haller Park, ile bustani ya wanyama, tufike saa ngapi? Boti zenye sakafu ya kioo zinafaa kwa mtoto wa miaka minne? Na magofu, tuende Gede au kuna ya karibu? Wa miaka kumi na miwili anapenda historia kweli kweli, kwa hiyo nisingependa siku zote tatu ziwe za kuogelea tu.

Mvita Asilia:

Karibu Mombasa, mama, na umwamkie nyanya kwa niaba yetu.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi kila siku na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Wewe fika saa mbili hiyo hiyo. Uwanja wa katikati uko wazi, na kuta zinazouzunguka huzuia upepo, kwa hiyo kuanzia saa tano jua likishapanda, mawe yale yanarudisha joto usoni. Mtoto wa miaka minne utampata saa moja nzuri, saa moja na nusu ukijitahidi. Tiketi hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, basi hakikisha simu ina chaji na salio kabla hamjatoka Nyali. Kinachochelewesha watu pale mlangoni ni hicho hasa: familia nzima imesimama juani, baba anatafuta nywila. Beba kitambulisho pia, maana kiingilio cha Mkenya ni tofauti na cha mgeni.

Kabla hamjaingia, simameni nje ya lango mtazame juu. Kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwa kuijenga upya. Kwa nini ilihitaji kujengwa upya? Hapo ndipo pa kumshika yule wa miaka kumi na miwili. Mwaka 1631 mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Mreno na kuiteka ngome. Yusuf alichukuliwa na Wareno akiwa mdogo, akalelewa Goa, India, akabatizwa, akarudishwa Mombasa atawale kwa niaba yao. Mtoto akiingia na kisa hicho kichwani, kila ukuta unaanza kumwambia kitu.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na umbo lake hufananishwa na mtu aliyelala chali: kichwa baharini, mikono na miguu ni zile buruji, yaani sehemu za ngome zinazochomoza pembeni. Mpe mtoto wa miaka minane ramani ya ngome mliyoichapisha nyumbani, azitafute buruji moja moja na kuweka alama: San Felipe, San Alberto, San Mateus, San Matias. Njia hiyo humweka shughulini kuliko maelezo yoyote ya mwongozaji.

Ndani, msipite haraka kwenye mambo mawili. La kwanza ni michoro ya askari wa Kireno ukutani, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Kuna merikebu, samaki, watu waliovaa deraya, hata kinyonga. Askari wa zamu walichora walichokiona na walichokikumbuka kwao, na mtoto wa miaka minne anazielewa picha zile sawa na mtu mzima. La pili ni vitu vya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ilikuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Mzingiro ule ulidumu hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Wapiga mbizi walivitoa vitu hivyo chini ya maji katika miaka ya 1970, na vinaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho humo humo ngomeni.

Sasa nyanya. Njia ya kuingilia inapanda kidogo, na chini ni mawe yasiyo sawa, kwa hiyo ashikwe mkono na avae viatu bapa vyenye soli ya mpira. Akishafika uwanjani, jumba la makumbusho liko usawa wa chini na hahitaji kupanda. Anachokikosa akibaki chini ni Nyumba ya Waomani iliyo kwenye buruji ya San Felipe na kutembea juu ya ukuta. Huko juu mwende kwa zamu: mtu mzima mmoja na wakubwa wawili, mwingine abaki chini na mdogo. Kuna sehemu za ukuta ambazo ukingo wake ni mfupi au hauna kizuizi kabisa, na chini yake ni mita nyingi za kuanguka. Mtoto wa miaka minne asipelekwe juu akiwa ameachiwa mkono, hata kwa dakika ya kupiga picha.

Nje mtafuatwa na watu wanaotaka kuwaongoza. Waongozaji wanaotambuliwa huvaa beji. Kubalianeni bei kabla ya hatua ya kwanza, mkitaja wazi ni ya kundi zima na ni ngome peke yake au na Mji wa Kale pia. Ugomvi mwingi wa bei huanzia hapo: mgeni alidhani ni moja, mwongozaji anahesabu mbili.

Mkitoka, Mji wa Kale uko hapo hapo mkono wa pili. Tembeeni Ndia Kuu na mitaa jirani kwa nusu saa tu: milango ya kuchongwa, baraza, msikiti wa Mandhry wa karne ya 16 na mnara wake unaopungua kuelekea juu. Vichochoro ni vyembamba na pikipiki hupita bila onyo, kwa hiyo watoto watembee upande wa ukuta, watu wazima upande wa njia. Mabega na magoti yafunikwe, leso moja begani inatosha. Msipige picha za watu bila ruhusa. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, hivyo chagueni siku nyingine au mmalize kabla ya saa tano.

Kifungua kinywa msile hotelini siku hiyo. Mahamri na mbaazi za nazi hupatikana mjini mapema, na watoto wanunulieni mabuyu ya kutembea nayo. Mchana baada ya kupumzika, mnaweza kwenda Haller Park jioni yake.

Baharia wa Bamburi:

Mvita, kwenye ngome umesema vyema, lakini hilo la mwisho la Haller Park jioni hiyo hiyo silikubali. Kutoka mjini kwenda kaskazini lazima mvuke daraja la Nyali, na jioni foleni inaelekea huko huko kila mtu anakorudi nyumbani. Watoto walioamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya ngome watafika wamelala mabegani. Haller ipewe asubuhi yake.

Mama Watatu, mkikaa Nyali mko upande mzuri tayari. Tokeni hadi barabara kuu ya Malindi, pandeni matatu ya Mtwapa, mwambieni kondakta awashushe Haller Park. Lango liko mkono wa kushoto mkielekea kaskazini. Tuktuk nayo inafika, lakini hubeba abiria watatu, kwa hiyo mtahitaji mbili.

Kinachopendwa na watoto ni kulisha twiga, na hufanyika mara mbili kwa siku, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Likizo ya Agosti mabasi ya shule hujaa, na ukifika saa tano kamili mtoto mfupi ataona migongo ya watu tu. Ingieni saa tatu, mzunguke, na saa nne na nusu muwe mmeshasimama kwenye jukwaa. Chakula huwekwa kwenye kiganja kilichonyooka, vidole vimebanwa pamoja. Mtoto akikunja ngumi, ulimi wa twiga unazungukia ngumi yote kutafuta chakula, na hapo ndipo watoto hushtuka na kulia. Ulimi ule una urefu unaokaribia nusu mita, wa kukwaruza na wenye rangi ya zambarau iliyoiva. Mwonyesheni mdogo kwanza jinsi kaka au dada anavyofanya. Wala msimguse twiga kichwani, maana akishtuka huzungusha shingo, na pigo la kichwa chake si dogo.

Yule mpenda historia mpeni hii: pale mnapotembea palikuwa chimbo tupu la mawe ya kutengenezea saruji. Mwaka 1971 René Haller alianza kulirudishia miti. Alijaribu aina 26, zikasalia tatu tu, na mvinje ndio uliobeba kazi. Lakini vijani vya mvinje, vile kama sindano, viliendelea kurundikana chini bila kuoza, hadi majongoo yalipoletwa. Yakavila, kinyesi chake kikawa udongo. Majongoo yale bado yapo njiani, mekundu na meusi, manene kama kidole. Wa miaka minne atayapenda kuliko viboko, ila asiyashike na kisha kutia mkono mdomoni au machoni, kwa sababu hutoa maji yanayowasha. Pitieni na sehemu alipoishi Owen, kiboko mtoto aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe mkubwa aitwaye Mzee kuwa mzazi wake.

Njia nyingi ni za udongo tambarare zenye kivuli. Nyanya ataweza, mradi mwende polepole na kupumzika kwenye viti. Mbu wapo sehemu za mabwawa, basi mpakeni kila mtu dawa kabla ya kuingia.

Kuhusu boti za kioo. Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Bahari huchafuka, mwani hujaa ufukweni, na alasiri upepo huzidi. Siwaambii msiende, nawaambia mchague siku na saa. Hesabu ni ya mwezi, kama wavuvi wanavyohesabu:

Karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua. Maji hutoka sana, na kwa pwani ya Mombasa hukauka mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Asubuhi ya saa nne maji yamejaa, na hupwa jioni. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50.

Kwa hiyo mkibahatika kuangukia siku mbili tatu baada ya bamvua, ondokeni ufukweni kama saa moja na nusu kabla ya maji kukauka kabisa. Kina kinakuwa kidogo, matumbawe yako karibu na kioo, na ule mwamba wa nje unavunja mawimbi. Mkienda maji yamejaa mtalipa pesa ile ile na kuona kijani kitupu. Na maji yakikauka kupita kiasi boti inakwama kwenye mchanga, mnakaa juani hadi yarudi. Nahodha mzuri atawaambia saa mwenyewe mkimuuliza. Anayesema saa yoyote ni sawa, mwacheni.

Mambo matatu ya kuuliza kabla ya kupanda: je, bei ni ya boti nzima au ya kichwa? Je, tiketi ya Hifadhi ya Bahari, ambayo ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, imo au ni juu yenu? Je, kuna jaketi za kuokolea za saizi ya mtoto? Hilo la tatu mlione kwa macho na mlijaribu. Jaketi la mtu mzima humpanda mtoto wa miaka minne hadi masikioni na akianguka majini linamtoka. Kama la saizi yake hakuna, hasafiri.

Kwa nyanya, shida ni kupanda boti, wala si safari yenyewe. Mnaingia majini hadi magotini, kisha kuna ngazi fupi inayoyumba. Kama hataweza, kuna kivuli cha kutosha ufukweni na madafu.

Mama Watatu:

Ahsanteni sana, nimeandika kila kitu. Nimeshafungua kalenda, siku zetu zinaangukia tarehe 9 hadi 11 za mwezi wa Kiislamu. Kwa hiyo boti tuiache? Na magofu je, Gede tutaweza kwa siku moja?

Baharia wa Bamburi:

Tarehe hizo maji yanajaa kuelekea mchana na kupwa jioni, na jioni ya kusi ni upepo. Na watoto wadogo, iacheni. Badala yake, jioni moja nendeni Mama Ngina Waterfront, upande wa mlango wa bandari ya Kilindini. Kuingia ni bure. Meli kubwa za kontena hupita karibu mno hadi mtoto anasoma jina la meli, na kivuko cha Likoni mnakiona kikikatiza. Fikeni saa kumi na nusu, mkae chini ya mibuyu, mle mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Nyanya hatapanda popote. Mkitaka kuvuka kwa kivuko chenyewe, abiria wa miguu halipi, lakini epukeni saa kumi na moja jioni na kuendelea, umati ule si wa mtoto wa miaka minne.

Mkaazi wa Mtwapa:

Mama Watatu, Gede ni zaidi ya kilomita 90 kutoka mliko. Kwa matatu, na kubadilisha njiani, hesabuni saa mbili na zaidi kwenda na zaidi ya hizo kurudi. Ni mahali pa thamani kubwa, UNESCO imepaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, na kuna kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. Ila Gede inataka mtu alale Watamu au Malindi ili aamkie pale. Mkiirundika ndani ya siku moja na mtoto wa miaka minne, saa mtakazokaa garini zitazidi za kwenye magofu.

Nendeni Jumba la Mtwana. Ni baada tu ya kuvuka daraja la Mtwapa, kuna kibao mkono wa kulia, kisha barabara ndogo kuelekea baharini. Matatu inawaacha barabarani, na hapo chukueni tuktuk kwa sababu ya nyanya. Mwambieni dereva awasubiri au mchukue namba yake, maana kule ndani tuktuk za kupita ni haba na watu hujikuta wanarudi kwa miguu saa sita ya mchana.

Mji ule uliishi karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 15, kabla Mreno hajafika, na hilo ndilo linalouweka vizuri baada ya Fort Jesus: mtoto anaona kwamba miji ya mawe ilikuwepo hapa tangu kabla ya mizinga. Misikiti minne, nyumba kadhaa, mibuyu minene katikati yake. Mwelekezeni mwanahistoria wenu aangalie vyoo na mabirika, namna maji yalivyopelekwa. Chezeni mchezo kwenye Nyumba ya Milango Mingi: kila mtoto ahesabu milango peke yake, kisha mlinganishe. Mara chache hupatana.

Mwishoni kabisa, juu ya bahari, kuna msikiti, na karibu yake kaburi lenye aya iliyochongwa, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Pale pazungumzwe kwa sauti ya chini, na watoto wasipande juu ya kaburi wala kuta. Chokaa ya kale humeguka kwa uzito wa mtoto mmoja, na kilichomeguka hakirudi.

Kwa nyanya ni afadhali kuliko ngome: hakuna kupanda, ila mizizi na mchanga, kwa hiyo fimbo itamsaidia. Kivuli ni kingi. Msitegemee kununua chakula mtakapofika: bebeni maji lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, na matunda. Upande wa bahari mnashuka hadi ufukweni. Kwa tarehe zenu maji yatakuwa yakijaa kuelekea mchana na mchanga ni mwembamba, basi anzeni na magofu saa mbili na nusu. Kufikia saa nane maji yatakuwa yameanza kutoka, na watoto watapata pa kuchezea. Wavalishe viatu vya majini, kwa sababu miamba ya pale ina makali na ndani ya mashimo yake wamo wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Mwiba ukiingia usiuchokoe kwa sindano, hukatikia ndani. Wavuvi hupaka utomvu wa papai bichi, lakini kwa mtoto mdogo nendeni zahanati, Mtwapa zipo.